Mtani Aliyesema Anakufa

Sindeni, Jumapili, baada ya alasiri

Zaina mwanangu,

Ni ajabu kumwandikia barua mtu ambaye namsikia anacheka uani. Wewe na mama yako mnakunja nguo, mnabishana kanga ipi iende na ipi ibaki, na mimi nimejifungia humu ndani nikasema naandika ripoti ya zahanati. Hakuna ripoti. Nimekaa na kalamu tangu nilipotoka kuswali na maneno ya kwanza ndiyo haya.

Mambo ya sabuni, ya kuchemsha maji, ya kutotembea peke yako sokoni Korogwe, mama yako ameshayasema na atayasema tena asubuhi mpaka lori lipige honi. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia zaidi ya miaka ishirini na sasa nimechoka kulikalia.

Juzi ulinikuta zahanati nafunga kidonda cha yule mzee wa Kimasai. Ukaniuliza, "Baba, ulipokuwa mwanafunzi kama nitakavyokuwa mimi, uliwahi kukosea mpaka mtu akafa?" Nikakujibu, "Wagonjwa hufa, Zaina. Shika hiyo bandeji." Ukashika. Ukadhani umejibiwa, na usiku ule nilikusikia unamwambia mama yako kwamba baba hajawahi kukosea. Nilikosea. Mtu aliyekufa alikuwa anaitwa Mihambo, na hospitali ni ileile unayokwenda kesho.

Nikueleze kwanza tulivyokuwa, si ili unihurumie, ila ili ukifika usije ukadhani umerogwa peke yako.

Mwanafunzi katika hospitali ya mashambani ni kila kitu ambacho wengine hawataki kuwa. Alfajiri unawasha jiko uchemshe sindano, na siku zetu sindano zilikuwa chache, zikibutuka tunazinoa kwenye jiwe. Kisha unasugua sakafu, unamwaga vyombo vya wagonjwa, unawageuza wasioweza kujigeuza. Saa mbili Daktari Mzungu anapita vitandani, wewe nyuma yake na daftari, anageuka anauliza huyu aliamkaje, na wewe hukumbuki hata kama umemwona. Halafu mlango wa nje unafunguliwa na foleni inaingia. Manamba wa mashamba ya mkonge wenye vidole vilivyooza kwa miiba, mmoja jicho limechomwa na ncha ya jani, watoto wa kikohozi, buba, homa, kina mama waliotembea tangu jana kutoka milimani. Saa nane mchana unakula ugali umesimama. Miguu yangu ilikuwa imevimba hata nikawa nalala na viatu, naogopa nikivivua havitarudi.

Wagonjwa walikuwa wananiita daktari. Bwana Elia, mkubwa wetu wa wodi, alikuwa ananiita "wewe". Tulianza wanafunzi wawili, mwenzangu akaugua manjano akarudishwa kwao, nikabaki mmoja na kazi ya wawili. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nami sikusema kwamba siwezi, maana nilikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji chetu kuvaa shati jeupe la hospitali, na nyumbani walikuwa wameshamaliza kunisifu.

Sikiliza sasa, mama. (Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na yeye angekwambia hili vizuri zaidi.) Kuna uchovu ambao ukilala unakwisha, na kuna mwingine unaokufanya uwachukie wagonjwa. Huu wa pili hakuna mwalimu atakayekufundisha. Utaitazama foleni na moyo wako utauliza, hawa hawana kwao? Utamwona mtu anaugulia na utahisi anakuugulia wewe makusudi, kukukomoa. Siku ikikujia hiyo usijione shetani. Lakini siku hiyo usijiamini hata kidogo. Mimi nilijiamini.

Ilikuwa Jumatano, saa nne za asubuhi. Benchi limejaa, wengine wamekaa chini mpaka nje kwenye kokoto. Mihambo akaingia. Nilikuwa namfahamu. Alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge, mtu mrefu mwenye koti jeusi la zamani ambalo halivui hata jua likiwaka. Kila alipokuja kufunga vidole tulikuwa tunataniana, na unajua utani wa Wanyamwezi na sisi Wazigua haukuanza na mimi wala yeye. Akisikia tu wewe ni Mzigua, basi ameshapata ruhusa ya kukunyang'anya kofia na kukwambia babu yako alikuwa mwizi wa kuku. Nawe unamlipa. Mkiacha kutaniana ndipo watu wanauliza kuna ugomvi gani.

Akasimama mlangoni akasema kwa sauti, "Mzigua, leo nimekuletea kazi. Nakufa."

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Maiti gani inakuja kwa miguu yake?"

"Sisi Wanyamwezi tumezoea kutembea. Tumbo, mtani. Linanikata. Utanizika?"

"Nitakuzika leo hii, na hilo koti nitalivaa mimi."

Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka mle ndani tangu Jumatatu, na nakiri ilinipa raha. Alikuwa ameinama, mkono mmoja ameshika chini ya kitovu. Nilidhani anaigiza. Watani huigiza kufa, tena kwa ufundi, nilishaona Mnyamwezi amejitupa chini msibani kwetu akakakamaa mpaka watoto wakalia. Na tena manamba wengi walikuwa wanakuja na tumbo ili wapate cheti cha kupumzika siku moja, kwa sababu bila cheti nyapara hasikii neno. Hayo mawili niliyachanganya nikapata jibu langu kabla sijamgusa.

Nikamuuliza kama amepata choo. Akasema tangu juzi hapana. Basi, nikaona mambo mepesi, nikamkorogea kikombe cha chumvi ya haluli. Wewe bado hujafundishwa, lakini utafundishwa wiki ya kwanza, na wakikufundisha utanikumbuka. Tumbo lililofunga halipewi haluli kabla hujajua limefunga kwa nini. Alikunywa akatapika pale pale. Nikamwambia amenichafulia sakafu.

Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika kwa penseli kwamba anafaa kazi. Nilipompa hakukipokea mara moja. Akainama karibu na sikio langu, na sasa hakuwa anatania tena, akasema taratibu kwa sababu wanawake walikuwa wamekaa karibu, "Mtani, hebu nitazame. Kuna kitu huku chini."

Zaina, nilimsikia. Hili nataka ulielewe, kwamba nilimsikia vizuri. Kulikuwa na pazia hatua tano kutoka pale, na kitanda nyuma yake. Daktari alikuwa chumbani kwake, ningetuma mtu angekuja. Nikaitazama foleni. Nikasema kwa sauti, "Cha huko chini kamwonyeshe mkeo."

Benchi zima likaangua kicheko. Na Mihambo naye akacheka, maana angefanya nini? Mtani amemshinda mbele za watu. Akachukua karatasi akaenda zake.

Utanisamehe nikitaja yanayofuata. Baba hazungumzi na binti yake mambo yaliyo chini ya nguo za wanaume. Lakini kuanzia kesho kazi yako itakuvua haya hiyo, na heri ikuvue mapema, kwa sababu haya ya Mihambo na uchovu wangu ndivyo vilivyosaidiana kumuua.

Ijumaa mchana wenzake wanne walimleta kwa machela. Daktari alikuwa ameondoka Alhamisi kwenda kukagua zahanati za upande wa Handeni, hakuna aliyejua siku ya kurudi. Tumbo la Mihambo lilikuwa limejaa na kukaza, macho yamezama ndani, anatapika kitu chenye harufu ambayo sitakuandikia. Akaniona. Midomo ikajaribu kunitania, naapa niliiona ikijaribu. Hakuweza. Mkewe alikuwa pembeni amemshika miguu, msichana wa Kisambaa kutoka Kwashemshi, Hadija, huenda hakukuzidi wewe kwa miaka miwili. Akaniambia, "Kaka, msaidie." Nikamshika Mihambo mkono, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya, na nikaushika mpaka alasiri alipokata roho.

Kuosha maiti ilikuwa kazi ya mwanafunzi. Nilipoondoa shuka ndipo nikaona kile alichotaka kunionyesha. Ngiri, kwenye kinena upande wa kulia, imevimba, ngozi imegeuka nyeusi. Utumbo ulikuwa umeshuka ukabanwa. Jumatano Daktari angempasua na huenda jioni ile ile angekuwa anaomba uji. Na mimi nilimnywesha haluli nikamrudisha shambani akakate mkonge.

Bwana Elia aliingia nikiwa nimesimama na maji kwenye kopo. Akatazama. Kisha akanitazama mimi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Jumatano hukumfunua?"

"Hapana."

Hakuwa mtu mbaya, usimfikirie vibaya, alikuwa mtu aliyechoka kuliko mimi. Akasema, "Basi mfunike. Kwenye daftari nitaandika tumbo." Akatoka. Amekwisha kufariki miaka mingi, kwa hiyo kati ya tulioona ni mimi peke yangu niliyebaki.

Kwenye mazishi walinitafuta. Mtani wa marehemu ndiye mwenye kazi pale, unajua desturi, yeye ndiye wa kuwachekesha wenye msiba, wa kumtukana maiti kwamba alikuwa mlafi, wa kuingia kaburini akatae kutoka mpaka apewe kitu. Walinisukuma mbele. "Mzigua, haya." Wakanipa koti lake jeusi, maana benchi zima lilikuwa limesikia nilivyoahidi kulivaa, wakaona ni jambo la kupendeza. Nikalivaa. Lilikuwa refu, mikono inanipita vidole, linanuka jasho na utomvu wa mkonge. Nikafungua mdomo ili nitanie, nikalia. Watu wakasema kijana huyu ana moyo, amempenda mtani wake. Nikasifiwa, Zaina. Wakanipigapiga mgongoni.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine ningekuambia kwa mdomo, siku moja, tukiwa tunatembea. Mwanafunzi amekosea, mtu amekufa, Mungu amsamehe. Lakini hayakuishia hapo, na yaliyofuata sikuyafanya kwa uchovu.

Kambini watu walikaa wakahesabu siku. Jumanne Mihambo alikula mboga alizopika Hadija. Jumanne usiku tumbo likaanza. Jumatano alikwenda hospitali, na hospitali yenyewe, kwa mkono wangu, imeandika kwamba mtu huyu hana ugonjwa. Sasa mtu asiye na ugonjwa akifa baada ya siku mbili anaumwa tumbo, ameuawa na nini? Kipande changu cha karatasi ndicho kilichokuwa ushahidi. Walikuwa wanakipitisha mkono kwa mkono, hata wasiojua kusoma. Ndugu yake, aliyekuwa anafanya kazi shamba la pili, akaja nacho mpaka hospitali akanionyesha.

"Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo Jumatano kaka yangu alikuwa mzima."

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Nilikuwa nimeshika bakuli la pamba, nakumbuka mpaka leo lilivyokuwa zito. Nilifikiria shati langu jeupe, na kijiji chetu, na Daktari aliyerudi jana yake akasoma neno "tumbo" akapitisha jicho. Nikasema, "Nilipomwona hakuwa na kitu."

Akashukuru akaondoka. Siku ile ile nyapara alimtoa Hadija kambini na mkeka wake. Hakupigwa. Waliona wamemwonea huruma.

Miaka saba baadaye nilikuwa nimeshakuwa dresa kamili, mganga msaidizi wa serikali, nimeoa, wewe unatambaa. Serikali ikatutuma kuchanja ndui milimani, vijiji vya Vugiri na Kwashemshi. Tulipofika Kwashemshi kulikuwa na harusi. Wanawake wako jikoni nje, masufuria matatu, kelele, unajua mambo yalivyo. Na kando, chini ya ukingo, mwanamke mmoja anateremsha mzigo wa kuni. Akautua, akarudi porini kuleta mwingine. Hakuna aliyemkaribisha akae amenye hata ndizi. Nikamuuliza mwenyeji wetu yule ni nani. Akasema, "Hadija. Alimlisha mumewe kitu huko mashambani. Tunaishi naye, ni ndugu yetu, lakini mwiko hatumpi. Kuni tu."

Kuni tu. Miaka saba. Hakuolewa tena, maana nani atakula kwake.

Kesho yake akaja kwenye foleni ya chanjo. Akanitazama sana. Akasema, "Wewe ndiye kaka uliyemshika mkono mume wangu." Nikasema ndiyo. Akaniambia nyumba yake iko karibu, kwa heshima ya ile siku nipite nile kidogo. Nilikwenda, sikujua kukataa. Akaniwekea kigoda nje, pale watu wanapopita. Akaleta ugali na mboga kwenye sahani nzuri, nadhani ilikuwa ya harusi yake. Wakapita wanawake wawili wamebeba maji, wakasimama kutazama kama nitakula.

Naye Hadija, kabla sijagusa, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, wewe ulikuwepo. Unajua kilichomuua? Siku nyingine nafikiri labda ni kweli. Zile mboga nilichuma mwenyewe, labda liliingia jani baya sikuliona."

Alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe, Zaina. Watu walimwambia muda mrefu mpaka akawasaidia.

Nikamwambia, "Mungu ndiye anayejua."

Kisha nikatazama wale wanawake wawili, nikatazama sahani, nikasema nimeshiba.

Duniani kote mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba chungu cha yule mwanamke hakina neno. Kila mtu aliyekataa chakula chake alikataa kwa kutojua. Mimi nilikataa nikijua, kwa sababu nilikuwa naonwa, na kwa sababu kama ningekula wangeniuliza kwa nini siogopi. Aliiondoa ile sahani akairudisha ndani. Nimeua mtu kwa uzembe na hilo naweza kulibeba, mradi nisikae peke yangu muda mrefu. Ile sahani siwezi.

Mama yako hajui. Ananiona nikikosa usingizi anasema ni kazi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuiweka chini kabisa ya sanduku lako, uikute ukiwa mbali, mimi nisiuone uso wako. Ndiyo tabia yangu, umeshaona. Nilitaka niseme tu kwamba hospitali hiyo iko chini ya milima ile, watu wa Kwashemshi wanateremka hapo wakiugua, na siku moja atakaa kwenye benchi lako mwanamke wa makamo anaitwa Hadija. Nilitaka nikuombe umtazame vizuri. Umpeleke nyuma ya pazia, uinue nguo, usimwachie akuambie mara mbili. Nilipofika kuandika hayo nikaona ninachofanya. Nakutuma wewe, binti wa miaka kumi na minane, ukaanze kazi kwa kunilipia.

Kwa hiyo nimebadili. Unakwenda kufanya kazi yako mwenyewe. Utachoka, utakosea, huwezi kukwepa. Ukikosea sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka, hata kama mkubwa wako amekuambia ufunike. Siku ya kwanza maneno yanakuwa machache tu. Mimi yangenitosha manane au tisa mbele ya yule ndugu na bakuli langu la pamba. Tazama sasa nimejaza karatasi ngapi.

Mnaniita nje, mama yako anauliza ripoti gani hii isiyokwisha. Magharibi imeingia na mwanga unanikatikia.

Nimeamua hivi. Kesho husafiri peke yako. Nitapanda lori pamoja nawe, na barua hii nitakupa mkononi tukishaiacha Sindeni nyuma, uisome nikiwa nimekaa karibu yako, maana kuisema kwa mdomo sitaweza lakini kukaa hapo naweza. Ukimaliza kusoma ukitaka kuhama ukae upande mwingine wa lori, hama. Sitakuuliza. Nitakufikisha mlangoni pa hospitali, kisha nitapanda Kwashemshi kwa miguu. Nitamwomba yule mwenyeji wetu wa siku za chanjo aite watu, wanaume na wanawake, na nitasema mbele ya Hadija kilichokuwa chini ya nguo ya mumewe na nani alikataa kukitazama. Habari zitateremka mpaka kwa wakubwa wa kazi, najua. Huenda wakaninyang'anya zahanati, huenda na zaidi. Wewe usinitetee kwa mtu yeyote. Hadija akinifukuza nitaondoka.

Na asipofukuza, nitakaa kwenye kigoda chake nje, mahali wanapopita, nimwombe chakula.

Asubuhi mama yako atatupikia uji sisi wawili. Nitakuambia unywe wako na wangu. Nataka nifike kule na njaa.

Baba yako